Kadi ya Kumwona Goodness

Mafinga, 23 Novemba 2024

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha leo. Imekuja mchana kutoka upande wa msitu, na radi zake. Nilikuwa kwenye banda langu la useremala napiga randa mlango wa mteja. Radi moja imepiga karibu mno, nikausikia mtetemo kwenye nyayo. Nilipoingia ndani nikakuta kompyuta imezimika. Nimeiwasha, ikawaka, lakini ile alama ya waifai pembeni chini imewekewa msalaba mwekundu. Nikazima, nikawasha tena. Msalaba uko palepale.

Kesho ni Jumapili, siku yangu na Goodness.

24 Novemba, Jumapili

Sikumwona.

25 Novemba

Niandike vizuri, maana yeye ndiye aliyeniagiza niwe naandika. Alipoondoka mwezi wa saba aliniambia: Baba, kila siku andika kitu, ili Jumapili tukionana usikae unakuna kichwa. Aliniambia kwa mikono. Binti yangu ni kiziwi tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa mdogo wa kubebwa. Lugha ya alama tulijifunza pamoja naye, mimi na marehemu Matilda mama yake, kidogo shuleni kwake, nyingi tukijitungia wenyewe jikoni.

Sasa yuko Musoma, kwenye karakana ya ushonaji inayofundisha wasichana viziwi. Ni mwaka mmoja, halafu anarudi. Mbele ya nyumba nimeanza kumjengea kibanda cha kushonea. Kuta ziko tayari, yamebaki mabati na dirisha kubwa la kioo, kwa sababu mtu asiyesikia anataka kuona nani anakuja.

Simu yangu ni ya batani. Goodness huniandikia meseji nami humjibu, lakini Kiswahili cha kuandika kwake ni nguo ya kuazima, kinambana mabegani. Kwa mikono anasema mambo marefu, anatania, anaigiza watu mpaka unamjua mtu ambaye hujawahi kumwona. Kwenye meseji anasema: "Baba mimi nzima. Chakula nzuri." Ndiyo sababu ya kompyuta. Ni ya zamani, sipiyu yake nyembamba imelala chini ya skrini. Niliinunua kwenye ofisi moja ya kiwanda cha mbao walipokuwa wanabadilisha vifaa vyao. Mtandao unatoka kwa jirani, Mwalimu Zabron, mstaafu, ambaye ruta yake iko sebuleni kwake. Tunachangia. Kati ya dirisha langu na lake kuna shamba lake la mahindi.

Leo fundi wa mjini amekuja kuifungua sipiyu. Ndani kuna kadi ya kijani, ndogo kuliko kiganja, imesimama kwenye mfereji wake kama ulimi wa mbao, na antena mbili zimetokeza nyuma. Pembeni ina doa jeusi. Ameninusisha. Radi ilipitia hapo. Kompyuta nzima imepona, kadi imekufa. Amesema nitafute nyingine, nianzie Iringa.

27 Novemba

Mvua kutwa. Mama yangu, ninayeishi naye, magoti yanamsumbua, nimemsogezea jiko la mkaa.

29 Novemba

Meseji ya Goodness: "Baba jambo lipo. Kuandika hapana. Mkono tu. Lini?"

Nimemwuliza kama ni jambo baya. Akajibu: "Mkono tu."

Nimeisoma nikiwa nimesimama, nimeisoma nimekaa. Ningekuwa kijana ningepanda basi kesho. Lakini Musoma ni siku mbili za njiani kwenda tu, na Mama hawezi tena kujiinua kitandani bila mtu. Yeye ana mimi, mimi nina yeye, na Goodness yuko kule.

1 Desemba, Jumapili

Mwalimu Zabron alisema nitumie simu yake kubwa, nyumbani kwake, baada ya misa. Nikashukuru. Nilivaa koti.

Goodness akatokea, mdogo kama picha ya kitambulisho. Macho yangu siku hizi yana ukungu, ikabidi niisogeze simu mpaka karibu na pua. Na simu inataka kushikwa, kwa hiyo nikabaki na mkono mmoja wa kusemea. Nikaiegemeza kwenye jagi la maji, ikateleza. Mwalimu akaja kunishikia. Alisimama nyuma yangu, anaangalia, anatabasamu, kama mtu anayeangalia mpira. Wajukuu wake nao wakaja.

Goodness alitazama nyuma yangu. Akanisalimia, akauliza habari za Bibi, akauliza mahindi. Nikamwambia: lile jambo? Akatikisa kichwa. Alama yake ya mwisho ilikuwa ya nyumbani, mikono miwili iliyokutana kama paa. Akimaanisha: kwetu, si hapa.

Nilirudi bila kuvua koti. Mwalimu ni mtu mzuri lakini ni mtu wa kujisikia. Alifundisha miaka mingi, bado anadhani kila kinachofanyika mbele yake ni darasa lake.

7 Desemba

Nimekwenda Iringa na kurudi. Yusta, binamu yangu, alikaa na Mama. Kwenye duka la kwanza nilimwambia kijana nataka kadi ya waifai ya kompyuta ya mezani, ya ndani, yenye antena. Akanipa moja mpya, kwenye boksi. Hakuuliza kitu, nami sikujua la kuuliza.

Nyumbani nimeifungua sipiyu mwenyewe. Meno ya kadi ni marefu kuliko mfereji, na pengo lake limekaa mahali pengine. Hata ningelazimisha isingeingia. Kumbe ni ya kompyuta za zamani zaidi kuliko yangu. Sikujua kwamba kuna za zamani zaidi.

Na hata ingeingia, kile kibati chake cha kufungia nyuma ni kirefu. Sipiyu yangu ni nyembamba, kifuniko kisingefunga.

11 Desemba

Nimempa Yusta kadi airudishe alipokwenda Iringa kwenye harusi. Wamembadilishia, wakampa kidude cha kuchomeka kwa nje kama flashi. Wanasema kinafanya kazi ileile.

15 Desemba, Jumapili

Hakifanyi kazi ileile.

Kimeshika mtandao, ndiyo. Mistari miwili, mara mmoja. Goodness akatokea kwenye skrini kubwa, na kwa muda wa kupumua nilimwona mzima, gauni la kitenge, ukuta wa bluu nyuma yake. Halafu akaganda. Alipoyeyuka, mikono yake ilikuwa vipande vya mraba. Mtu anayeongea kwa sauti picha ikikwama unaendelea kumsikia. Kwetu sisi picha ikikwama neno limekatika katikati.

Nilishika haya tu: mimi. Wasichana. Mwaka. Halafu miraba. Halafu alama ya kubeba, au ya kulea, sijui.

Nilimwomba arudie. Akarudia. Miraba. Akaacha mikono mapajani, akanitazama, nadhani naye alikuwa ananiona vipandevipande. Kisha akasema polepole sana, kila alama akiisimamisha hewani: Vipande sitaki. Nitangoja.

Kulea nini?

16 Desemba

Sikulala vizuri. Wasichana, mwaka, kulea. Kama ana mimba angesema mtoto, na alama ya mtoto naijua hata gizani. Au ndiyo ilikuwa kwenye miraba.

18 Desemba

Nimemwuliza Mwalimu kama naweza kuvuta waya kutoka kwenye ruta yake mpaka kwenye kompyuta yangu, upite juu ya nguzo. Kompyuta ina tundu la waya, na fundi alisema waya haugandi. Mwalimu alikataa kabla sijamaliza. Nikamwambia waya nanunua mimi, nguzo nachimba mimi. Akasema hapana, Mzee Kasian, waya wa nje sitaki, akaingia ndani.

Nimechimba mtaro wa maji ya bati kwa hasira, mpaka mpini wa jembe ukavunjika.

25 Desemba

Krismasi. Misa, wali, kuku. Mama ameuliza kwa nini Goodness haji kwenye televisheni. Anaiita hivyo.

29 Desemba, Jumapili

Nimeketi mbele ya skrini iliyozimika. Nimejikuta nasema kwa mikono peke yangu.

Niandike jambo la mikono hii. Msumeno wa kiwandani ulichukua vidole viwili vya mkono wangu wa kulia, cha mwisho na cha pete, Goodness akiwa hajazaliwa. Kwa hiyo alipoanza kujifunza kusema, alijifunza kwangu. Alikuwa anavikunja vyake viwili hivyo, kila neno. Alipopelekwa shule ya viziwi watoto wengine walimcheka. Walisema anaongea kama mtu mwenye kigugumizi. Mwalimu wake akanyoosha vile vidole kimoja kimoja. Shuleni akawa anasema sawasawa kama wenzake. Lakini likizo, akishuka tu kwenye basi hapa Mafinga, alikuwa anavikunja tena, kwa ajili yangu. Hatukuwahi kulizungumza.

Kwenye ile simu ya Mwalimu alivikunja. Kwenye miraba sikuweza kujua.

3 Januari 2025

Mahindi ya Mwalimu yamefika kiunoni. Mstari mmoja wa mtandao sasa, jioni hakuna kabisa.

11 Januari

Leo ni siku ya kuandika.

Mama alianza kukohoa Jumatano. Jana alikataa uji. Leo alfajiri nimekwenda kumgeuza nikakuta anahema kama mtu aliyepanda mlima, na midomo imekuwa ya kijivu. Mvua ilikuwa inanyesha tangu usiku, barabara yetu imekuwa utelezi, hakuna bajaji iliyokubali kushuka. Nilisimama barazani nikawa sijui nimwite nani. Kisha nikaona taa za gari zinakuja kupitia njia ya shamba. Mwalimu Zabron. Alikuwa ameniona kutoka dirishani kwake, nimesimama vile.

Aliingia, akamfunga Mama kwenye blanketi, tukambeba, yeye miguu, mimi kichwa. Pikapu ilikwama mara mbili. Mara zote alishuka yeye na koleo, na viatu vyake vya misa. Hospitalini wakasema nimonia, wakamwekea hewa na dripu. Mwalimu hakuondoka. Tulikaa kwenye benchi, nguo zimelowa, tunakunywa chai ya kibandani.

Hapo ndipo aliponiambia, bila mimi kuuliza. Walikuwa watoto, yeye na mdogo wake, huko kwao Njombe. Baba yao alikuwa na redio, na waya wa antena umefungwa juu ya mti. Mvua ilipoanza, mdogo wake Danieli akakimbia kwenda kuuchomoa waya ili redio isiharibike, kwa sababu wiki iliyotangulia Zabron alipigwa kwa kutouchomoa. Radi ilimkuta ameushika.

"Nikiona waya unatoka nje ya nyumba yangu," alisema, "namwona Danieli. Ndiyo maana nilikukatalia. Sikuweza kukueleza mlangoni."

Nilimshika bega. Yule mtu niliyemwandika humu mwezi uliopita nilikuwa nimemtunga mwenyewe.

12 Januari, Jumapili

Mama amefumbua macho, ameuliza mahali kanga yake ilipo. Nimemwandikia Goodness kwamba Bibi anaumwa lakini anapona. Amejibu: "Mimi taka ona Bibi. Mimi lia."

20 Januari

Mama karudi nyumbani. Mwembamba, lakini anagomba. Vizuri.

2 Februari, Jumapili

Mvua. Goodness ameniandikia kwamba watu wa karakana wanataka jibu lake kabla ya Pasaka. Jibu la nini, hakusema. Sikumwuliza. Nimeanza kuogopa kuuliza kuliko kutojua.

8 Februari

Mwalimu amekuja na habari. Mwanafunzi wake wa zamani, anaitwa Tusekile, ana duka la kompyuta chakavu na vipuri huko Mwanjelwa, Mbeya. Amempigia mbele yangu, kisha akanipa simu. Nilimweleza yule mama yote, Iringa, kile kidude, miraba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: hiyo kompyuta unaifanyia nini?

Nikamwambia, namwona mtoto wangu.

Akasema, basi usije na maneno, baba, njoo na sipiyu yenyewe.

15 Februari

Nimesafiri. Yusta na Mwalimu wamegawana zamu kwa Mama. Sipiyu niliifunga kwenye blanketi, nikaipakata njia nzima. Makambako mvua, Igawa jua kali na mpunga mpaka upeo wa macho, Uyole ukungu. Nilikuwa sijafika Mbeya tangu nilipokuwa na meno yote.

Duka la Tusekile ni chumba chembamba nyuma ya wauza mitumba, limejaa kompyuta zilizofunguliwa vifuani. Ni mama wa makamo, amefunga kitenge juu ya suruali, miwani imening'inia shingoni. Alinipa stuli na chai ya tangawizi kabla ya kugusa kitu. Halafu akaivua sipiyu kifuniko, akamulika tochi, akaguna.

Akaweka kadi tatu mezani. Ya kwanza aliiondoa mwenyewe. Ni ya kompyuta za kupakata, ndogo kama stempu, haina pa kukaa kwangu. Zikabaki mbili. Moja mpya, nyeusi, inang'aa. Nyingine imetumika, kijani iliyopauka.

Mpya, alisema, ina kasi kuliko ruta yoyote iliyoko mtaani kwetu. Lakini inataka Windows mpya, na kompyuta yangu haiwezi kuibeba; kwenye hii niliyo nayo kadi itakaa kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji. Tena kasi yake ni ya masafa mafupi, ukuta mmoja tu unaipunguza nguvu. Iliyotumika ni ya rika moja na sipiyu yangu. Haina kasi kubwa.

"Unataka ya kukimbia au ya kushika?" aliniuliza.

Nilimwuliza kama hiyo ya kushika itaonyesha vidole. Si uso tu, vidole. Akaacha alichokuwa anafanya, akanitazama mkono, akanitazama usoni. Akasema, hebu nieleze kati ya madirisha kuna nini.

Mahindi, nikasema.

Yamefika wapi?

Yamenipita kichwa.

Akacheka kidogo, akasema majani mabichi yaliyolowa mvua ni ukuta wa maji. Mtandao wangu haukuharibika na radi peke yake, umekuwa ukizama kadiri mahindi yalivyokua. Akafungua droo, akatoa antena yenye waya mrefu na kitako cha sumaku. Hii, alisema, hutaiacha nyuma ya sipiyu. Utaipandisha dirishani, juu kadiri waya unavyofika.

Nikachagua ile ya kijani. Akaibadilisha kibati kirefu akaweka kifupi, ikaingia kwenye mfereji wake barabara. Tukawasha. Msalaba mwekundu. Akazima, akaitoa, akasugua meno yake kwa kifutio, akairudisha. Msalaba. Nikamwambia aache, labda kompyuta yenyewe imekufa na mimi ndiye sitaki kukubali.

Aliitoa kadi na kuipeleka kwenye mfereji mwingine, ule mrefu, wa kadi za picha. Nikamzuia mkono. Tangu Iringa nilijua jambo moja: refu na fupi haviingiliani. Akaniambia si hivyo. Ile ya Iringa ilikuwa ukoo mwingine, lakini hii miwili ni ukoo mmoja, fupi hukaa ndani ya refu bila tabu. Radi iliua mfereji pamoja na kadi. Akaisukuma. Ikaingia, upande mmoja ukabaki wazi kama kitanda cha watu wawili alicholalia mmoja.

Akachomeka flashi yenye programu zake, kwa kuwa kompyuta isiyo na mtandao haiwezi kuzitafuta yenyewe. Tukasubiri. Nilikuwa naangalia ile pembe ya chini kama mtu anayeangalia mlango wa chumba cha upasuaji. Msalaba ukafutika. Mistari ikapanda.

Tusekile akasema nipige hapohapo, tujaribu, mtandao wa simu yake upo. Nilikataa. Akaelewa haraka, akasema ndiyo, kwanza hapa pana kelele. Kisha akakumbuka kwamba kelele si tatizo letu, tukacheka wote wawili, na yeye akafuta macho.

16 Februari, Jumapili

Njiani. Lori la mbao limepinduka karibu na Makambako, tumekaa barabarani mpaka giza. Goodness anangoja huko, mimi huku nimepakata blanketi.

17 Februari

Antena iko dirishani. Mistari miwili, yenye kutetereka. Nimejaribu kufungua picha inayotembea, video ya kijiji chochote duniani. Inatembea, inakwama, inatembea. Kwa mtu mwingine ingetosha.

Nimemwambia Mwalimu. Akasimama dirishani kwangu muda mrefu, anaangalia mahindi yake.

23 Februari, Jumapili

Umeme umekatika tangu asubuhi.

1 Machi

Goodness: "Kesho mimi safari kanisa. Jumapili nyingine, baba. Mkono."

8 Machi

Nimeamka kukuta Mwalimu yuko shambani na panga. Alikuwa amefungua njia katikati ya mahindi, kutoka dirishani kwake mpaka kwangu, pana kama mlango. Mahindi yenyewe yalikuwa mabichi bado, ya kuchoma. Nilitoka mbio kumzuia, nikamwambia zimebaki wiki chache yakauke. Alikuwa amelowa umande mpaka kifuani.

"Wajukuu walikuwa wanataka ya kuchoma," alisema.

Tumechoma kutwa. Mama amekula nusu hindi kwa fizi.

Mistari minne.

9 Machi, Jumapili

Nilimvalisha Mama kanga mpya, nikamketisha kwenye kiti chenye mto. Nikafunga mlango. Nikapiga.

Goodness akaja mzima. Sijui niandikeje. Amepunguza nywele. Ana kovu dogo kidoleni, la sindano. Niliona mpaka uzi mweupe ulionasa begani mwake. Akaona Bibi yake, akaweka viganja vyote viwili kwenye skrini, na Mama akauliza mbona huyu mtoto anataka kutoka.

Tulisalimiana kirefu, kisha nikamwambia: haya, mkono.

Alianzia mbali. Mwezi wa kumi waliletewa msichana kutoka kisiwani ziwani, umri kama miaka kumi na miwili. Hajawahi kufundishwa alama hata moja. Nyumbani kwao walimwita kwa kumvuta nguo. Alipofika alikuwa anakaa chini ya meza ya kukatia vitambaa. Goodness akawa anaingia naye chini ya meza, kila siku, na kikombe cha maji. Anamgusisha maji, anampa alama. Maji, alama. Msichana haoni uhusiano. Ndipo siku moja mvua ikapiga dirisha, msichana akaonyesha dirisha, na mkono wake, wenyewe, ukasema: maji. Goodness alinionyesha alivyokuwa usoni. Alikuwa yeye na alikuwa yule mtoto, kwa wakati mmoja. Halafu yule mtoto akatoka chini ya meza, akawa anamvuta huku na huku, anataka jina la mkasi, la kiti, la mbuzi, la Goodness.

Wameletwa wengine wawili wa namna hiyo. Wakubwa wa karakana wamemwomba abaki awafundishe. Si mwaka. Miaka.

Sasa nimejua kwa nini hakuandika. Kwa maandishi angetakiwa kusema sirudi, na neno hilo halina uso. Kwa mikono hakulisema. Aliiweka nyumba yetu upande wa kushoto, hewani, paa lake, mimi, Bibi. Akawaweka wale wasichana upande wa kulia. Akabaki katikati, akatazama huku, akatazama kule, na mikono ikashuka. Kisha akaniuliza: Baba, unasemaje?

Mkono wangu ulikuwa tayari umeanza kusema rudi. Nikaushusha chini ya meza asiuone. Niliona kwa pembe ya jicho kile kibanda nje, na mabati niliyoyaegemeza ukutani. Nikauliza, ili nipate muda: yule wa kisiwani, jina lake la mkono nani? Akanionyesha. Vidole viwili vinavyofunguka karibu na jicho, kama mtu anayeamka. Jina hilo amempa yeye Goodness.

Nikainua mikono yote miwili nikasema: Baki.

Na picha ikaganda palepale. Goodness akiwa ameinua uso, macho kwangu. Sikujua kama neno limefika. Sikushusha mikono. Nilikaa nimeishika ile alama mbele ya kamera, mabega yanawaka, nikiogopa kwamba nikiiachia itaanguka njiani na sitakuwa na nguvu ya kuisema mara ya pili. Mama akaniuliza nimepatwa na nini.

Picha ikarudi. Goodness alikuwa amefunika uso kwa mikono. Mtu wa lugha yetu akifunika uso kwa mikono amefumba macho na mdomo pamoja, hakuna la kufanya ila kungoja. Nikangoja. Alipofunua alisema: Nimeona. Nimeona tangu mwanzo.

Mama aliuliza mtoto amesema nini. Nikamwambia amepata kazi. Akauliza anarudi lini. Nikasema wakati wa likizo. Alinitazama kidogo, akavuta kanga yake, akasema wenye kazi ndivyo walivyo.

Yaliyobaki ya kusema yakaisha. Nilidhani ataaga. Hakuaga. Alichukua gauni la mtu akaanza kulipinda, na mimi nikavuta ungo wa maharage nikawa nachambua. Ndivyo tulivyokuwa tunakaa jikoni tangu mama yake alipofariki. Watu wa simu za sauti wakinyamaza wanaulizana kama mtandao umekatika. Sisi tulikaa. Mara nainua macho, yupo. Mara anainua yeye, nipo. Mama alisinzia kitini.

Mvua ikaanza bila radi. Goodness aliniona nimegeuka, akauliza ninatazama nini. Nikaing'oa kamera juu ya skrini nikaielekeza dirishani, aione mvua. Akaacha sindano. Alitazama muda mrefu, kidevu mkononi. Nilipotaka kuirudisha, mkono wake ukainuka, ukasema bado.